Funga ya Asmahani

Pale Makorora, mwanamke alipokata roho, kabla ya kutafutwa sanda alitafutwa Mwatumu binti Mwinjuma. Mtu alisimama mlangoni akabisha hodi, akasema tu, "Bi Mwatumu, unatakiwa." Naye aliipua chungu hata kama wali haujakauka, akajitanda kanga, akatoka. Hakuuliza ni nani. Angemjua akifika.

Kazi ya kuosha maiti aliirithi kwa shangazi yake, kwao Tongoni, akiwa mwari bado. Shangazi alimfundisha kwamba maji yawe vuguvugu, kama ya mtoto mchanga. Kwamba mkono uwe mwepesi, kana kwamba aliyelala pale utamwamsha. Na kwamba utakachokiona mwilini mwa mtu, kovu au kilema au alama ya kipigo cha mume, hukitoi nje ya chumba kile mpaka nawe uoshwe. Malipo hakuna. Wafiwa wakikupa kipande cha sabuni, unapokea. Wakisahau, nawe unasahau.

Mwatumu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na umbo lake, na mikono ile ndiyo iliyokuwa heshima yake mjini. Wanawake waliokuwa na nyumba za mawe na vikuku vya dhahabu walimpisha njia. Wagonjwa wazee walimwita wakamwambia, shika hapa, ndiwe utakayenishika. Yeye alishika, akatabasamu, akawaambia bado wana siku nyingi. Moyoni alifurahi. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, na hicho alikiona kinatosha.

Mumewe, Hatibu, alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, aliyerudi jioni ananuka grisi. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, yenye ukumbi mmoja na ua mmoja wa kupikia. Mlango wa mbele yao alikaa Manase, Mshambaa, Mlutheri, mpakuzi wa mkonge kwenye maghala ya bandarini, pamoja na mkewe Dorkasi na kitoto chao Ruthi. Watu wa nyumba ile waliishi kwa wema, lakini kila mtu na chungu chake.

Mwatumu alizaa mara nyingi na kuzika mara nyingi. Waliobaki walikuwa wawili: Asmahani, binti aliyekuwa anaingia miaka kumi na mitatu, na Mbaruku, mtoto wa uzeeni, ndiyo kwanza anajifunza kukimbia.

Ndipo ukaja mwaka wa hamsini na saba, na ile homa ya mafua. Wengine walisema imeletwa na meli, wengine na upepo. Ilivyokuja ilikuja yote kwa pamoja. Leo mtaa mzima unapiga chafya, kesho hakuna wa kumchotea mwenzake maji. Shule zikafungwa. Chuo cha Kurani cha Mwalimu Shekhe nacho kikafungwa, na mgambo akapita akitangaza kwamba watoto wasicheze makundi. Wengi waliugua, wachache walikufa. Lakini wachache hao, waliokuwa wanawake, karibu wote walipita mikononi mwa Mwatumu.

Majuma yale hakukaa nyumbani. Asmahani aliachiwa Mbaruku, akaambiwa wasitoke chumbani. Wakashinda humo wawili, dirisha wazi, mlango umefungwa. Mtoto wa kike alikaa dirishani akisikiliza kilio kinatoka upande gani, maana huko ndiko mama aliko, na kutoka huko ndiko atakakorudi.

Siku moja Mwatumu alitoka kumwosha Bi Mize, kikongwe wa nyumba ya kona, aliyekufa huku bado anakohoa. Alirudi amechoka hata miguu haimtii. Kwa kawaida yake alikuwa anapitia uani kwanza, anaoga, anabadili kanga, ndipo anaingia. Siku hiyo Mbaruku alikuwa analia njaa kilio cha kukauka koo. Mwatumu akaingia hivyo hivyo, akanawa vidole juu juu, akampakata, akamlisha matonge ya wali kwa mkono wake. Mtoto akala, akanyamaza. Haikupita wiki, Mbaruku alishikwa na homa ile, na kifua chake kidogo hakikuiweza. Mwatumu akamwosha mwenyewe.

Tangu hapo alikuwa na wazo moja alilokuwa akilifukuza kama mtu afukuzavyo kuku jikoni. Likitoka mlango huu, linaingia mlango ule. Hakumwambia mtu, hata Hatibu. Alipokuja kupewa pole, alisema yale yote ambayo amekuwa akiwaambia wafiwa wengine, na watu wakasema Bi Mwatumu ana imani.

Matanga yalipoanuliwa, Asmahani akabadilika.

Alianza na udhu. Msichana aliyekuwa anasukumwa kwenda kutawadha, sasa alikuwa wa kwanza kwenye pipa la maji uani. Akimaliza anaanza tena. Ananawa mikono hadi viwikoni, anaitazama, anarudia, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Halafu akaanza kufunga. Kwanza Jumatatu na Alhamisi, siku za sunna. Baadaye siku nyingine pia, akisema analipa, akisema ameota. Jua likizama anafuturu kwa maji tu, anasema ameshiba. Alikuwa mtoto wa kelele na vicheko, akawa kimya. Mtu akimgusa anajivuta, akisema ana udhu.

Nyumba ya Mwatumu ilikuwa imeingia giza, na badiliko hilo la binti yake akaliona kuwa ndiyo taa. Mungu amechukua mmoja, akampa nuru yule aliyebaki. Alilala nalo, akaamka nalo. Na Mwalimu Shekhe, chuo kilipofunguliwa, alimsimamisha njiani akamwambia kwamba watoto wengine wote wamerudi kama mbuzi waliokatika kamba: huyu analia ovyo, yule anapigana, mwingine amesahau hata alifu. Asmahani peke yake ndiye amerudi mtu mzima.

Maneno hayo Mwatumu hakuyaweka moyoni. Aliyapeleka bombani asubuhi iliyofuata, yangali ya moto.

"Wewe Mwatumu umezaa walii," alisema Mwanaidi, mama wa watoto sita, aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko ndoo yake. "Wangu mimi akifunga, basi amefunga mlango ale peke yake."

Wanawake walicheka, na Mwatumu alicheka nao, lakini hakuacha. Kila alipopata nafasi alimtaja. Wageni wakija, Asmahani anaitwa, anaambiwa, "Msalimie Bi Fulani," naye anasema shikamoo kwa sauti ya chini, mikono imefichwa ndani ya kanga, macho yake ardhini. Wageni wanasema, mashaallah, ona haya ya mtoto huyu. Mwanaidi mwenyewe alimleta binti yake, akamkalisha mkekani amtazame mwenzake, pengine atamwambukiza tabia njema.

Hatibu peke yake ndiye hakusema mashaallah. Jioni moja, akiwa analivua shati lake la kazi, alisema kwamba mtoto anakonda. Mwatumu akamjibu kwamba mtoto anakua. Hatibu akalitundika shati msumarini, akaenda kuoga.

Mwisho wa mwaka ule alikufa Bi Tatu wa nyumba ya bati jekundu. Mwanamke aliyezoea kumtilia Mwatumu maji alikuwa amekwenda Maramba kumuuguza dada yake. Wanawake walipouliza nani atatia maji, Mwatumu aliwaambia, bila kufikiri mara mbili, kwamba atatia Asmahani. Kwani nani mtaani ana udhu saa zote kama yeye? Na tena, kazi hii lazima imtafute mtu. Yeye mwenyewe alianza akiwa mdogo kuliko hapo. Wanawake wakakubali. Mmoja alisema ni bahati ya marehemu kumiminiwa maji na mkono safi namna ile.

Alimfuata binti yake chumbani.

"Mama, mimi sijui," alisema Asmahani.

"Utajua. Kazi yako ni kumimina tu nikikwambia mimina."

"Mama, nimefunga."

"Ndiyo vizuri zaidi."

Asmahani akamfuata mama yake.

Chumba cha Bi Tatu kilikuwa kimefungwa mapazia. Kitanda cha kamba katikati, shimo la maji limechimbwa chini yake kwenye sakafu ya udongo, ndoo ya maji yenye majani ya mkunazi pembeni, ubani unafuka. Ndani walikuwa mabinti wawili wa marehemu, Mwanaidi na jirani mwingine. Asmahani alipewa kata. Mwatumu akakunja mikono ya gauni, akasema bismillahi, akaanza.

Mwanzoni msichana alimimina vizuri. Aliambiwa kichwani, akamimina kichwani. Aliambiwa ubavu wa kulia, akamimina. Mwatumu alihisi macho ya wale wanawake juu ya mtoto wake na kifua kikamjaa. Kisha maji yakawa yanakuja haraka mno. Bila kuinua kichwa, Mwatumu akanyoosha mkono wake, umelowa hadi kiwikoni, akamshika binti yake kifundo cha mkono ili apunguze.

Kata ikaanguka. Asmahani alijipokonya akarudi nyuma mpaka ukutani, akaanza kufuta pale aliposhikwa. Akafuta kwa kanga, akafuta kwa ukuta, akasugua na udongo wa ukuta mpaka ngozi ikatoka. Hakulia, wala sauti haikumtoka. Meno yake tu yalikuwa yanagongana. Halafu maji yakaonekana miguuni pake, yakienea sakafuni, na kila aliyekuwa mle chumbani akajua hayakutoka kwenye ndoo.

Mwanaidi ndiye aliyesema, wala si kwa ukali: "Walii wetu ametukojolea."

Msichana akalisukuma pazia, akatoka mbio.

Mwatumu hakuweza kumfuata. Maiti haiachwi katikati. Binti mmoja wa marehemu aliokota kata akaanza kumimina, mwingine akaleta jivu la kumwaga pale sakafuni, na Mwatumu akaendelea: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, karafuu maiti, pamba. Mikono ilijua kazi yake. Uso ndio aliokosa pa kuuweka. Alimaliza bila kumtazama mtu, akapitia mlango wa uani.

Nyumbani chumba kilikuwa kitupu. Aliita, hakuitikiwa. Ndipo akasikia sauti ya kijiko kwenye sufuria, ng'ambo ya ukumbi, na mlango wa Dorkasi ulikuwa umerudishwa nusu.

Asmahani alikuwa amekaa mkekani, amevaa kanga ya Dorkasi, Ruthi amelala pajani pake. Mbele yake palikuwa na sahani ya bada, ule ugali wa muhogo, na maharage, naye alikuwa anakula. Hakuwa anaonja. Alikuwa anakula kama mtu aliyetoka shamba, tonge juu ya tonge.

"Asmahani," Mwatumu alisema. "Leo Alhamisi."

Msichana alisimamisha tonge mdomoni.

"Karibu, mama Asmahani," alisema Dorkasi, akainuka kumpa kigoda. "Mwache ale kwanza. Maneno tutayakuta tu."

Mwatumu hakukaa. Aliuliza ni tangu lini. Dorkasi, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi na siku zote alimwamkia, alijibu akiwa ameinamisha macho kwamba ni tangu matanga ya Mbaruku. Mtoto alikuja akasema anaona njaa na mama hayupo. Kesho yake akaja tena, akasema mama ameruhusu. Yeye alidhani kweli ameruhusu. Baadaye alipojua si kweli, aliona aibu kusema, kwa sababu bombani alisikia habari za funga, na hakutaka kumvunjia mwenzake uso mbele ya watu.

Yaani alijua. Kila siku Mwatumu alipokuwa akimsifu mtoto wake pale bombani, mwanamke huyu alikuwa amesimama katika foleni na ndoo yake, anajua, ananyamaza. Huruma ile ilimchoma Mwatumu kuliko kauli ya Mwanaidi. Akatafuta kitu cha kumpiga nacho, akakipata.

"Umemlisha mwanangu chungu cha nguruwe," alisema.

"Chungu hiki hakijui nyama ya aina yoyote, mama," Dorkasi alijibu. "Nyama sisi tunaionea Krismasi, tena kama Manase hakunywa."

"Mama, usimgombeze." Asmahani alikuwa amelimeza tonge. "Mimi ndiye niliyemwomba. Siwezi kula chako."

"Chakula changu kimekufanyaje?"

Msichana alimtazama Ruthi aliyelala, si mama yake. "Ulimlisha Mbaruku."

Mwatumu alihisi lile wazo alilokuwa akilifukuza limekuja kukaa katikati ya chumba, mbele za watu.

"Ulitoka kwa Bi Mize, hukuoga," Asmahani aliendelea, polepole, kama anasoma. "Mimi niliona. Nilitaka kukwambia mama oga kwanza. Nikaona haya kumwambia mama oga. Nikanyamaza. Ningesema, angekuwepo."

Mwatumu akainua mkono. Hakujua anauinua kwa nini, kumpiga au kumziba mdomo. Na hapo aliona macho ya mwanawe. Mtoto anayeogopa kofi hufumba macho, huinua bega. Asmahani hakufumba. Aliutazama ule mkono wenyewe, kiganja na vidole vyake, kama mtu atazamavyo nyoka aliyemkuta kitandani. Na Ruthi akavutwa taratibu nyuma ya mgongo wake, asifikiwe.

Mkono ukashuka. Mwatumu akauingiza ndani ya kanga. Akakaa kwenye kigoda kile alichokikataa.

Maneno ya kusema alikuwa nayo. Ameyasema katika nyumba zaidi ya anazoweza kukumbuka, ajali na siku za mtu na kalamu iliyokwisha kuandika, na watu hufarijika. Aliyatafuta ulimini, akayakuta yamekuwa ya mtu mwingine.

"Na mimi nimewaza hivyo hivyo," alisema. "Kila siku nawaza. Nikiamka nawaza."

Asmahani akainua uso.

"Sijui kama ni mimi. Mtaa mzima ulikuwa unaumwa, hata ambao sikuwagusa. Lakini kama yuko aliyekosa ni mimi, mtu mzima, niliyejua kawaida yangu nikaiacha. Wewe mtoto hukukosa kitu. Nami nikakuona unakufa njaa nikakuita mcha Mungu, kwa sababu nilipenda kusifiwa."

Dorkasi aligeukia jiko akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Asmahani hakumkimbilia mama yake, wala Mwatumu hakumwomba. Msichana alirudisha mkono sahanini, akaendelea kula.

Kulipokucha Mwatumu alichukua ndoo akaenda bombani. Njia nzima alitamani arudi. Habari ilikuwa imetangulia. Alipofika foleni nzima ilimgeukia. Akatua ndoo.

"Mwanangu hafungi," aliwaambia. "Hakupata kufunga. Anakula kwa Dorkasi, kwa sababu mkono wangu unamtisha tangu kile kifo. Niliyowaambia yalikuwa ya kujisifu."

Alikuwa tayari kwa kicheko, na kicheko hakikuja. Hilo lilikuwa gumu zaidi, kusimama pale mkavu, maji yakimwagika kwenye ndoo ya mtu. Mwishowe Mwanaidi akasema, akiwa anazungusha kata ya kanga kichwani, kwamba mwanawe wa tano hataki kutoka mlangoni tangu siku zile za homa, hata chooni anataka asindikizwe, na yeye kila siku anampiga. Hakungoja jibu. Akajitwisha ndoo yake akaenda zake.

Mwalimu Shekhe alipoambiwa alijikuna ndevu, naye alionekana ana aibu yake. Akamwita Asmahani, akamwambia kwamba udhu ni mara tatu basi, ya nne si ya Mungu, ni ya wasiwasi, na kwamba akishuku asirudie. Msichana alijitahidi. Siku nyingine aliweza, siku nyingine alikutwa pale kwenye pipa, anarudia.

Mwatumu alipeleka salamu Tongoni, akaletewa binamu yake aje kuosha mahali pake. Watu walisema amekuwa na maringo, wengine wakasema anakwepa. Kikongwe mmoja ambaye Mwatumu alimshika mkono akamwahidi kwamba atamwosha alikufa msimu ule, akaoshwa na mgeni, na watoto wake hawakumsalimu Mwatumu tena. Hakujitetea. Jambo la chumbani halitoki nje, na hili lilikuwa la chumba chake.

Kila mchana alikwenda sokoni kununua samaki, changu au tasi, akamkabidhi Dorkasi ndani ya kikapu, hakuwagusa. Dorkasi aliwapaa, akawapika, akamwita Asmahani. Mwatumu alibeba kigoda chake akakiweka ukumbini, nje ya mlango wa Mlutheri, akakaa. Nyumba ya vyumba sita haikosi wapitaji. Walipita wapangaji, wageni wao, muuza mafuta ya taa, na kila mmoja alimkuta mwosha wa Makorora amekaa mlangoni pa watu kama anayengoja sadaka, huku mwanawe analishwa ndani. Walimtazama, wakaangalia pembeni, wakasalimia. Uso ukamwaka moto kila mara. Alizoea vitu vingi maishani mwake, hicho hakukizoea.

Siku moja Ruthi alifanya kituko gani huko ndani hakujua, lakini alimsikia Asmahani amecheka, mdomo umejaa chakula, kile kicheko chake cha zamani cha puani. Wakati huohuo mke wa mwenye nyumba alikuwa anaingia kutoka nje, akasimama kumwangalia yeye. Mwatumu akaona haya, akaivuta kanga usoni, akamwamkia, wala hakuondoka pale kwenye kigoda.